Mama Ndizi Ufuoni Kendu

Nikinusa samaki mkavu, ngege, sokoni Kisii, hamu ya mama yangu hunishika hadi nikasahau nilichotumwa kununua.

Mama alikuwa na rafiki mmoja tu asiyekuwa Mgusii, wala hakulijua jina lake. Kwa miaka mingi walikutana kila wiki soko la Sondu: mama akiteremsha ndizi kutoka kwetu Gesima, mwenzake, Mjaluo, akileta samaki kutoka Kendu, ufuoni mwa ziwa. Walibadilishana, wakapiga porojo kwa Kiswahili cha kuokoteza. Huyu Mama Samaki, yule Mama Ndizi. Jina lingine la kazi gani?

Sisi ni Wasabato, hatuli samaki asiye na magamba. Yule mama alilijua hilo. Hata soko likifurika kambare, chini ya kikapu chake hawakukosa ngege wawili watatu, wenye magamba, aliomfichia mama.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini akaacha kuja. Wiki ya kwanza mama alisema ni mvua. Ya pili, labda mjukuu ameugua. Miezi ikapita, naye kila soko akirudi na mkungu mmoja aliokataa kubadilishana na mtu mwingine. Mimi nilinung'unika. Nilikuwa nimeajiriwa karani mjini, najiona mtu. Aliponiambia, "Nipeleke Kendu," nilimpeleka ili jambo hilo liishe.

Tulifika asubuhi mashua zikiingia. Wanaume walizivuta hadi mchangani, wanawake wakaingia majini hadi magotini, makarai kichwani, kila mmoja akiita mvuvi wake. Sikuwahi kuona samaki akirukaruka. Kwetu alifika amekauka. Nilisogea karibu mno, viatu vyangu vipya vikalowa. Mama hakuangalia samaki. Aliangalia nyuso.

"Unatafuta nani, mama?" akaulizwa.

"Rafiki yangu. Ni mzee kidogo, anacheka sana." Akafikiri. "Hana meno ya chini."

Wanawake wazee wote pale wakafungua vinywa, wakaangua kicheko. Hakuna aliyekuwa na meno ya chini. Waling'olewa ujanani, ndiyo mila yao. "Chagua wako!" wakamwambia. Mama alicheka nao mpaka akaanza kulia, nami nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

Mwanamke kijana aliyekuwa akipasua samaki akamwonea huruma, akamwekea kambare mnono kikapuni. Mama akamtoa polepole.

"Asante, mwanangu. Mimi nakula ya magamba tu."

Yule mwanamke akaweka kisu chini. "Basi ni wewe wa ndizi."

Alikuwa mke wa mwana wa yule tuliyemtafuta. Mkwewe alifariki wakati wa mvua ndefu. Katika ugonjwa wake aliagiza ngege wakaushwe, wakatundikwa juu ya meko, akakataza wasiguswe: ni wa Mama Ndizi. Lakini nani angewapeleka, na Gesima nzima ni akina mama wa ndizi?

"Alijilaumu sana," akasema. "Miaka yote hiyo hakukuuliza jina. Wewe unaitwa nani, mama?"

Mama akautua mkungu mchangani, akamtajia. Kisha akaligeukia ziwa, akalitaja tena kwa sauti, kama mtu aliyeitwa akachelewa kuitika.