Nilivyoziba paa langu kwa chandarua masika yakiwa mlangoni

Wakuu, habari za saa hizi.

Haya yamenitokea mwenyewe, nyumbani kwangu Madale, na sijaongeza chumvi. Mtu akitaka kutunga, anatunga stori ya kumpa sifa. Hii hainipi sifa yoyote.

Mnazijua hizi nyumba za paa la kuficha? Ukuta unapandishwa juu, bati zinajificha nyuma yake, ukisimama barabarani unaona boksi safi. Nilipoiona kwenye simu nikasema hii ndiyo yenyewe. Mwenye nyumba ya pichani anaishi nchi gani, kwao inanyesha au hainyeshi, hayo sikuyauliza. Nilichotaka ni wapita njia wageuze shingo.

Sasa maji ya mvua kwenye paa la hivyo hayana pa kumwagikia. Yanateremka hadi kwenye gata, mfereji uliojificha nyuma ya ukuta, kisha yanatafuta tundu la bomba. Kwangu lilikuwa moja.

Fundi Issa, mtu wa Newala, mpole sana, aliniambia tukiwa bado tunajenga: "Bosi, tutoboe na tundu jingine hapa ukutani. Lile likiziba, maji yatokee huku."

Nikamuuliza, huko ukutani ni mbele au nyuma? Akasema mbele. Nikamwambia fundi, hutaniharibia sura ya nyumba.

Akageuka, akaendelea kupiga plasta. Wakuu, fundi akigeukia kazi namna ile, jua unajengewa ujinga wako mwenyewe.

Tuendelee.

Mwezi mmoja kabla ya masika, mama yangu akaja kutoka Tukuyu. Alikuwa amevunjika nyonga, kafanyiwa operesheni, na bado anahudhuria kliniki. Kusimama mpaka ashikwe na watu wawili. Nikampa chumba cha mbele, chenye dari la jipsamu la maua, maana ndicho kizuri kuliko vyote.

Siku tunamshusha kwenye gari aliitazama nyumba, akauliza, "Mwanangu, mbona hujaezeka?"

Nikamweleza taratibu, kwa sauti ya msomi, kwamba paa lipo ila limejificha.

"Linamkimbia nani?"

Tukacheka. Kwa taarifa yenu, kwao Tukuyu mvua haina likizo. Lakini mimi nilikuwa na picha kwenye simu, yeye ana nini?

Haya, huku kwetu maji ya bomba yanatoka yakijisikia, kwa hiyo bomba la paani nililielekeza kwenye tenki. Tatizo ni kunguru. Wanaangusha paani mifupa, magamba ya samaki, siku nyingine hata kipande cha sabuni ya jirani. Shemeji yenu akasema, "Baba Neema, safisha paa kabla mvua hazijaanza."

Nikapanda. Nikafagia pale mkono ulipofika. Halafu akili ikafanya kazi, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Nikachukua chandarua cha zamani, nikakikunja mara nne, nikakifunga kwa mpira kwenye lile tundu la bomba kiwe chujio. Nikapiga picha, nikaweka status. Mmoja akanijibu, "Injinia!" Nikaamini.

Mvua kubwa ya kwanza ilipiga Jumamosi mchana. Nikakaa barazani na chai yangu kusubiri tenki lijae. Inanyesha ile ya kutosikilizana, lakini kwenye tenki yanaingia matone ya kuhesabu. Nikajiambia labda mvua inaanguka kwa pembe.

Kweli kabisa, nilijiambia hivyo.

Mama akaita: "Mwanangu, huku dari linanidondokea."

Nikaenda. Kuna doa juu ya kitanda, ukubwa wa sinia. Nikamwambia ni joto, jipsamu inatoa jasho. Nikaleta beseni.

Shemeji yenu akaangalia juu, akasema, "Tumtoe mama."

Nikakataa. Nikasema tutamuumiza nyonga kwa ajili ya vitone, tusubiri ipungue. Ukweli ni kwamba niliona aibu. Kumtoa mama kulikuwa sawa na kukiri kwamba nyumba yangu inavuja.

Mwenzangu hakubishana. Alimwita Mama Rehema wa nyumba ya pili, wakalishika godoro huku na huku, wakamburuta mama akiwa juu yake kuelekea sebuleni. Mimi niko mlangoni na beseni nasema, "Polepole, mnamuumiza."

Godoro lilikuwa ndiyo kwanza limevuka mlango, dari likashuka lote. Maji yaliyokuwa yamejazana nyuma ya ukuta wangu mzuri, jipsamu, mbao na mifupa ya kunguru, vyote juu ya kitanda. Ubao mmoja ulivunja chaga za upande wa kichwani.

Nilikaa kwenye maji nikalia mbele ya jirani. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani.

Kesho yake Fundi Issa alipanda, akashuka na chandarua kizito, kimejaa matope na majani. Hakunisema. Aliuliza tu, "Bosi, nitoboe mbele?"

Nikamwambia toboa popote, fundi.

Nilichojifunza: kabla ya masika panda paani, usifagie kwa kukisia. Toa uchafu wote, mwaga ndoo kadhaa uone yanatokea wapi na kwa kasi gani. Chujio weka chini kwenye tenki, usilifunge kwenye tundu la juu. Tundu la dharura ni lazima, sura ya nyumba baadaye. Na dari likianza kudondosha, toa mtu kwanza. Ubishi utaukuta palepale.

Wenye nyumba za namna hii, kwenu vipi? Mafundi mliomo humu, nirekebisheni. Wa kunitukana nao waje, ila mjue shemeji yenu ameshawatangulia.

Mama sasa yuko kwa dada yangu Mbagala, kwenye nyumba ya bati la kawaida. Hajanilaumu hata siku moja. Ila wingu likitanda tu, simu yangu inaita, na ni yeye: "Mwanangu, huko imeanza kunyesha? Toka humo ndani."