Nubia na Willys ya Don Abelardo

Nubia Marulanda alichambua kahawa miaka ishirini na miwili kabla hajashika sponji. Alikuwa hata haangalii punje, anazipitisha tu vidoleni na mbovu anaikuta. Ghala lilipofungwa, alikodi banda mkabala na meza yangu ya arepa, mikate ya mahindi, hapa Calarcá, akaanza kuosha magari. Tulimcheka, nami nilikuwa mstari wa mbele.

Alhamisi kabla ya Yipao, siku ile magari ya Willys, jipu za zamani, yanapopita mjini yamepakia vyombo vya nyumba nzima, Don Abelardo aliingia bandani na gari lake. Lilikuwa limepauka mpaka linafanana na majivu.

"Nioshee tu, Doña Nubia. Shemeji yako analichukua mchana alipige rangi mpya."

"Na hii ya sasa?"

"Ilipigwa na marehemu baba." Akakohoa kidogo. "Ilikuwa kijani."

Nubia aliliosha kivulini kuanzia juu kushuka chini, ndoo moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia sponji, magurudumu mwisho. Akalikausha. Kisha akavaa mfuko mwembamba wa nailoni mkononi, akafumba macho, akaupitisha juu ya boneti polepole.

"Bado lina mchanga," alisema.

Mimi nililiona safi kabisa. Lakini alitoa donge la udongo laini wa kusafishia rangi, akalilowesha kwa maji ya sabuni, akalitelezesha huku na huku mpaka likaacha kukwama. Akapitisha mkono tena, akafumbua macho.

"Don Abelardo, rangi hii haijafa. Juu tu ndiko kulikokauka. Niachie nusu ya boneti nijaribu."

Hapo ndipo Arnulfo, mume wa dada yake Nubia na fundi rangi wetu, alipotokea kulichukua gari.

"Shemeji, unaosha gari au unaombea maiti?"

"Naombea biashara yako, shemeji. Leo inakata roho!"

Watu wakaanza kusogea. Nubia alibandika tepu katikati ya boneti, akachota dawa ya kung'arishia, akaanza kusugua kwa miduara midogo upande mmoja. Mara kitambaa kikageuka kijani tupu.

"Jamani, anabandua rangi!" Arnulfo alipiga kelele. "Mzee, unaibiwa mchana kweupe!"

Don Abelardo alivua kofia. "Mama, basi! Acha, nakuomba!"

"Kilichotoka ni kile kilichoharibika. Dakika mbili tu, mzee wangu."

Nami nikazisahau arepa mpaka zikaungua. Nubia alifuta, akabandua tepu. Upande mmoja majivu, upande wa pili kijani kibichi kama jani la mbuni baada ya mvua! Mtu akapiga mluzi. Don Abelardo aliinama akauona uso wake mzima, masharubu na yote.

"Ni chenyewe," alisema. "Ni kijani cha baba."

Arnulfo akageuka akaenda zake bila gari. Ajabu hiyo!

Nubia alisugua siku mbili. Kwenye kingo na kuzunguka vichwa vya boliti alitumia kidole kimoja, maana huko rangi ni nyembamba. Kwenye madigadi ya kushoto alisimama ghafla. "Hapa nikiendelea nitakutana na bati," alisema, akapaacha pakiwa na ukungu kidogo. Jumamosi alipaka nta, safu nyembamba, akaiacha ikauke na kuwa kama vumbi jeupe, akaifuta. Alasiri mvua ikanyesha. Tulitoka sote kutazama matone yakijikunja na kuviringika kutoka kwenye boneti, tukishangilia kama watu wa mpirani.

Jumapili barabara ilifurika. Willys ya Don Abelardo ilikuja imebeba vitanda, sufuria, mikungu ya ndizi na matenga ya kuku, na kile kijani kikaonekana tangu kona ya kanisa. Ikasimama mbele yetu.

"Panda, Doña Nubia!"

"Nikae wapi, Don Abelardo? Kuku wamejaza!"

"Kuku watajibana!"

Aliyejipenyeza na kumfumbatia viganja akanyage apande ni Arnulfo.

"Shemeji," alimwambia kwa sauti ya chini, "nina magari mawili nimeyapiga rangi, hayang'ai."

"Yalete Jumatatu. Na domo lako uliache nyumbani."

Don Abelardo alikanyaga mafuta. Mzigo ukavuta nyuma, magurudumu ya mbele yakapaa hewani, gari likazunguka kwa yale mawili ya nyuma, kama ilivyo desturi ya Yipao, huku sufuria zikigongana. Walipata nafasi ya pili katika shindano la kupakia mizigo ya nyumba. Nubia anaapa hakupiga kelele. Alipiga, tena sana, na alipotua chini alikuwa amekumbatia tenga la kuku, anacheka machozi yanamtoka, akidai wazunguke tena.