Bustani ya Nyuma ya Jikoni

Mwanaisha Abdulkadir alikuwa askari jela kwa miaka thelathini na mmoja. Alipostaafu alibaki Skuta, mjini Nyeri, akifuga kuku. Mwaka jana, gereza la wanawake alilotumikia lilimwomba akusanye historia ya siku za mwanzo za gereza hilo, ichapishwe katika kijitabu cha maadhimisho. Faili alizopewa zilianzia mwaka lilipojengwa kanisa la gereza, baada ya uhuru. Za kabla ya hapo, karani alisema, zililiwa na mchwa.

Akaenda Karatina kwa Kabura, bibi wa miaka themanini na minane, aliyefungwa katika gereza hilo wakati wa Emajensi, hali ya hatari ya wakoloni, akiwa msichana mjamzito. Kabura alisimulia walivyolala kwenye saruji na kuvunja mawe. Mtoto wake alizaliwa humo, akaishi siku tisa. Watoto waliokufa walizikwa nyuma ya jikoni. Yeye mwenyewe aliwaona kumi na wanne wakifukiwa.

Mwanaisha alipajua mahali hapo. Ni bustani. Miaka mingi alisimama pale akiwasimamia wafungwa wakilima sukumawiki.

"Na wewe ulikula hiyo mboga?" Kabura akamwuliza.

"Nilikula, Mama."

Bibi akageukia ukuta.

Mwanaisha aliandika yote. Murugi, mkuu wa gereza, akaukata ukurasa wa watoto hao kwa kalamu nyekundu, akasema hakuna faili ya kuthibitisha.

"Faili ipo Karatina," Mwanaisha akamjibu. "Ina macho na mdomo. Iite."

"Madam, wageni wanakuja kusherehekea."

"Basi toa jina langu."

Alitoka. Alimkasirikia Murugi, na akajikasirikia yeye mwenyewe zaidi: miaka yote ile hakuwahi kuuliza kitu.

Siku ya sherehe alisimama langoni akigawa nakala za ukurasa ule. Theuri, askari ambaye Mwanaisha mwenyewe alimfunza kazi, alitumwa amwondoe. Akamsihi kwa aibu, macho chini. Mwanaisha akavuka barabara, akaendelea. Wengi walikunja karatasi bila kusoma. Mzee mmoja aliisoma yote, akaingia, na hotuba zilipoanza akauliza kwa sauti bustani iko wapi.

Jumamosi iliyofuata Mwanaisha alirudi Karatina. Safari hii Kabura alimpa kiti, wakatunga barua kwa Murugi ya kudai bustani ichimbwe na watoto wazikwe kwa heshima. Kabura akatia alama ya kidole gumba.

"Andika na jina la mwanangu," akasema. "Aliitwa Nyaguthii."

Miezi mitano sasa, barua haijajibiwa. Kila Jumatatu Mwanaisha huenda langoni mwa gereza kuiulizia, na kila Jumatatu huambiwa mkuu yuko mkutanoni. Huketi kwenye benchi la wageni mpaka adhuhuri, kisha huondoka bila kumuaga mtu.