Nilipoogopa Paipai

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nilikuwa nimeketi chini nyumbani kwetu Kasongo, nakunja vitenge vyangu kimoja kimoja na kumpa mdogo wangu Sakina. Nilikuwa bado kijana, mtoto wangu wa pili hajaanza shule. Sikuwa nasafiri. Nilikuwa naaga.

Muganga wa hospitali alikuwa ameniambia nina ugonjwa wa sukari. Alinipa vidonge, akaeleza mengi, lakini masikio yangu yalizibika palepale kwenye lile neno. Mama yangu mzazi alikufa na ugonjwa huohuo, macho yakiwa yametangulia kuzima. Nikarudi nyumbani na hukumu niliyojikatia mwenyewe: kama ugonjwa ni wa sukari, basi kila kitamu ni sumu. Nikaacha chai ya sukari, na hapo nilifanya vema. Lakini nikaacha na paipai, nikaacha na chungwa. Majani ya mboga nayo, ambayo hayana utamu wowote, tulikuwa tumeyadharau zamani. Mume wangu alipeleka bidhaa Salamabila kwa wachimba dhahabu, na nyumba yenye nyama, tulidhani, haipiki lengalenga. Basi nikabaki na bugali, wali na nyama, sahani tele, maana njaa haikuniacha. Nikazidi kukonda. Miguu ikawaka moto. Mtoto akisimama mlangoni namwona kama kivuli.

Ndipo akaingia mama mukwe wangu, ametoka Wamaza nyuma ya pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope. (Barabara ile ilikuwa vilevile unavyoijua wewe leo.) Alikuwa mkulima, mwanamke wa maneno machache. Akatazama vitenge, akamtazama Sakina.

"Unagawa nguo na uko hai?"

"Mama, niko na ugonjwa wa sukari. Mama yangu aliondoka nao."

Akamtuma Sakina maji ya kunywa. Tulipobaki wawili, akasema kwa sauti ya chini, "Na mie niko nao. Tangu bwana yako akiwa mutoto. Hata yeye hajui."

Nilimtazama nisiamini. Mwanamke yule alikuwa bado analima shamba lake kwa mkono wake.

"Unakula nini?" akaniuliza. Nikamweleza. Akatikisa kichwa. "Nani alikukataza paipai?"

"Hakuna mutu, mama. Nilijikataza."

"Basi umejihukumu kabla ya Mungu kukuhukumu. Mie ninakula majani na matunda kila siku, na dawa yangu ninameza. Ni muganga alinifundisha. Na weye ulienda kwa muganga, lakini hukumusikiliza."

Maneno yalinichoma, mwanangu, sikufichi. Ila wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mchana ule alipika mwenyewe. Alinijazia nusu ya sahani lengalenga na matembele, mafuta ya mawese kidogo tu, kipande cha samaki, na bugali kama ngumi ya mtoto. Kisha akakata paipai, akala yeye kwanza, akanisogezea kipande kimoja. Nilikila nikilia. Nikaenda kujilaza nikingoja kifo, nikapata usingizi mzuri ambao sikuwa nimeupata kwa muda mrefu.

Kesho yake alinirudisha hospitali. Aliuliza yote ambayo mimi sikuuliza, na safari hii nilisikiliza. Tunda liliwe zima, kwa kiasi, si kukamuliwa likawa juisi. Majani katika kila mlo. Soda, hapana. Na vidonge visiachwe, hata ukijisikia mzima.

Njiani nikamwambia kwa heshima, "Mama, mficha maradhi kifo humuumbua. Mumwambie mutoto wenu." Akakaza mwendo mpaka tukafika. Lakini mume wangu aliporudi kutoka Salamabila, mama yake alimwita, akamwambia. Mume wangu akatoka na jembe, akaanza kulima nyuma ya jiko. Hakuwahi kushika jembe tangu tuoane. Tukapanda lengalenga na ngai-ngai, yale majani machachu. Majirani walicheka kwamba tumefilisika. Tuliwaacha wacheke. Majani nikala, vidonge nikameza, na haba na haba miguu ikapoa, uso wa mtoto wangu ukaanza kuonekana tena.

Ugonjwa haukuondoka, upo hata leo. Mama mukwe aliishi akabeba vitukuu vyake, na mimi nimewabeba wa kwangu. Umri ni wa Mungu, siwezi kukuapia kwamba ni majani yaliyotuongezea. Lakini niliona nilivyokuwa nakufa nikila bila hayo, na nimeona nilivyoishi nayo.

Sasa wewe, mwanangu, uliyeambiwa neno lilelile majuzi, usianze kuaga. Usifiche, waambie wa nyumbani, wapike chungu kimoja nawe, maana chakula hiki kinawafaa hata wazima. Majani yajaze nusu ya sahani yako, tunda lipate nafasi yake kila siku, wali na bugali vipungue. Dawa meza. Usichokielewa muulize muganga, wala usiwe hakimu wako mwenyewe kwa sababu ya hofu.

Mungu akuzeeshe taratibu, mwanangu, akupe hamu ya chakula na watu wengi wa kula nawe.