Asiyepiga Hodi

Mama mdogo Somoe hakuwa mwendawazimu. Nalisema hili mapema kwa sababu wapo watu hapa Mpapura ambao hadi leo ukimtaja wanazungusha kidole pembeni ya kichwa, na hao hao ndio waliokuwa wakila mihogo yake.

Alikuwa mdogo wake mama yangu, mwanamke mfupi mwenye mdomo, aliyeweza kubangua korosho huku akikusema wewe, mumeo na mama mkwe wako, na korosho isiungue. Mungu alimpa mtoto mmoja tu, Athumani. Mwaka sitini na saba Athumani aliamua kuvuka Ruvuma kwenda kuwabebea mizigo wapigania uhuru wa ng'ambo. Baba yake alimkataza, kijana akafunga kifurushi chake. Mzee akasimama mlangoni akamwambia, "Ukitoka, usirudi hadi uitwe." Athumani akatoka. Mwaka uliofuata mzee akafa na neno lake hakulitengua, na mama mdogo akabaki katika nyumba ile akimngoja mwanawe.

Macho yake yalianza kuzimika mwaka sabini. Kwanza ulikuwa ukungu, baadaye sura za watu zikampotea, akawa anatujua kwa sauti na kwa mwendo. Hilo tulilielewa, uzee unakuja na mengi. Tusilolielewa ni wageni.

Asubuhi moja tulikuwa uwanjani tunamenya muhogo, akaniambia, "Salma, wapishe watu."

"Watu gani, mama?"

"Hao wanawake wenye mitungi. Umewakalia njia."

Nikageuka. Uwanjani palikuwa na kuku tu, na mkorosho, na jua. Nikamwambia hakuna mtu. Akakasirika.

"Uso wako wewe siuoni, umekaa mbele yangu. Lakini wale nnawaona hadi mishono ya kaniki zao! Sasa nani hayupo, wao au wewe?"

Nikarudi kwenye muhogo wangu. Wakawa wanakuja karibu kila siku. Mara wanawake wa mitungi, mara watoto waliovaa kofia nyekundu, mara nyumba ya ghorofa imesimama katikati ya shamba la mihogo. Hawakusema neno wala hawakumdhuru. Yeye hakuwaogopa, bali aliumia kwa jambo moja, akanieleza huku machozi yanamtoka: "Wote hawa wamenijia, mwanangu hayumo."

Maneno hayana mguu lakini hutembea. Wengine wakasema ana majini, wengine wakasema amerogwa, na wenye roho mbaya wakasema amelipiziwa. Habari zikafika Magomeni kwa mjomba Mohamedi, kaka yake, kuli wa bandarini. Kwetu sisi neno la kaka kwa dada yake ni zito. Mjomba akaja, akamkuta dada yake anakiambia kivuli cha mkorosho kisogee. Akatangaza kwamba anamchukua aende naye mjini, na nyumba itafungwa.

Mama mdogo, ambaye sijawahi kumwona akimpigia mtu magoti, alipiga magoti. "Kaka, nikihama Athumani atamkuta nani?"

"Ataulizia, ataletwa kwangu."

"Hataulizia. Baba yake alimwambia asirudi hadi aitwe. Akikuta mlango umefungwa atasema ndilo jibu, atarudi huko huko kwenye mabomu."

Mjomba si mtu mbaya. Akampa muda hadi mavuno ya korosho: akiacha kusemezana na hewa, atabaki kwake.

Basi nikampeleka zahanati. Tabibu Erasto alikuwa mtu wa Bukoba, kijana nadhifu, anavaa soksi hata kwenye joto la hapa kwetu. Alimmulika macho, akamwambia kweli yote bila kuizungusha, na kwa hilo nilimpenda. Mishipa ya macho imekufa, dawa hana. Ama wale wageni, akasema, si majini wala si wazimu.

"Jicho haliioni dunia, mama. Jicho linapeleka habari tu, anayeona ni ubongo. Sasa jicho limeacha kupeleka habari, na ubongo hauwezi kukaa bure, unatunga za kwake."

Mama mdogo akatafakari. "Kwa hiyo hata wewe unayenitazama, hunioni mimi. Unaona unachokitunga."

Tabibu akacheka kidogo. "Tuseme hivyo."

"Basi unajuaje kama nipo?"

"Kwa kuwa na Salma naye anakuona."

"Na Salma naye akiwa anatunga?"

Tabibu Erasto akaanza kupangapanga chupa zake mezani. Nadhani hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo katika kusoma kwake kote.

Njiani tukapitia kwa Maalim Omari, mwalimu wetu wa chuo cha Kurani, maana mama mdogo hakutaka kusimama kwa mguu mmoja tu. Maalim akasema ubongo ni nyama, nyama haitungi kitu. Akasema dunia ina pazia, sisi tuko upande huu, viumbe wengine wako upande ule, na mtu akifungwa macho ya kichwa huenda akafunguliwa mengine. Lakini mtu hatakiwi kuzoeana nao, kwa kuwa anayezoeana nao huchukuliwa.

Wasomi hao wawili hawakuwahi kukubaliana hata juu ya maji ya kunywa. Ila nilipowarudia, mmoja baada ya mwingine, niwaulize mama mdogo atawatambuaje watu wa kweli, walinipa jibu moja. Tabibu alisema picha haina sauti, mtu wa kweli ataita mlangoni. Maalim akasema jini haombi ruhusa, binadamu mwenye adabu hupiga hodi. Basi likawa hilo. Anayepiga hodi ni mtu, akaribishwe. Asiyepiga hodi si mtu, asisemezwe. Maalim akaongeza maneno ya kumfukuzia, ayaseme mara moja kisha ageuze uso: "Wewe si mtu. Huna jina hapa. Rudi ulikotoka."

Mara moja katika maisha yao walikubaliana, na mara hiyo hiyo wakakosea. Na sisi sote tukapiga makofi.

Mama mdogo alijifunza kama mtoto anayejifunza alifu. Majirani wakajua, wakawa wanaita hodi kutoka mbali, hata wakija kuazima kijiko. Wale wa mitungi walipopita, aliwaambia maneno yake akageuza uso. Yaliwachoma wao au yalimchoma yeye, sijui, maana jioni moja aliniambia anawaonea huruma, wametembea mbali na yeye anawafukuza. Lakini alishika. Mjomba alipokuja wakati wa korosho alimkuta dada yake mzima, anatania, anamuuliza habari za bandari. Mjomba akaridhika, akaondoka na kikapu kimejaa.

Ilikuwa mwaka sabini na mbili, mvua zimekwisha. Nilikuwa nimekwenda kisimani. Niliporudi nilimkuta mama mdogo amekaa kwenye mkeka uwanjani, uso wake umekunjuka kama mtu aliyetua mzigo.

"Salma, wanaisha!"

"Akina nani?"

"Wageni wangu. Leo kaja mmoja tu, mwanamume, tena hafifu, kama moshi wa jiko. Sura sikuiona kabisa. Kasimama pale kwenye mkorosho, hodi hakupiga. Nikamwambia maneno yangu. Kakaa kidogo, halafu kaondoka mwenyewe."

Nikapiga kigelegele. Mungu anisamehe, nilikipiga hadi kuku wakakimbia. Tulipika wali siku ile.

Kesho yake kabla ya adhuhuri tukasikia sauti njiani, "Hodi! Hodi humu ndani!" Alikuwa Halima wa Likombe, dada yake marehemu mzee, shangazi yake Athumani. Hakuwa amekanyaga kwetu tangu matanga ya kaka yake, na habari za wageni wa mama mdogo hakuwa nazo. Hakungoja kukaribishwa wala hakusalimia.

"Somoe, una moyo gani wewe?"

"Wifi, kaa kwanza. Kuna nini?"

"Athumani kalala kwangu jana. Kakonda, mkono mmoja hauna vidole. Kalia usiku kucha kama mtoto."

Mama mdogo akainuka, akashika nguzo. "Yuko wapi?"

"Unaniuliza mimi? Si umemfukuza! Kasimama hapo uwanjani anangoja umwite, kwa sababu ya neno la baba yake. Umemtazama, ukamwambia yeye si mtu, hana jina hapa, arudi alikotoka. Alfajiri kapanda lori la Ruvuma. Nimemshika shati, kalitoa mikononi mwangu."

Mama mdogo alisema polepole, kama anayemweleza mtoto, "Lakini hakupiga hodi."

Halima akamshangaa. "Hodi? Mtoto apige hodi kwa mama yake?"

Hakuna aliyelifikiri hilo. Si tabibu na ubongo wake, si maalim na pazia lake, si mimi niliyezaliwa na kulelewa hapa hapa, ninayeingia kwa mama yangu kila siku bila kuita. Mgeni ndiye hupiga hodi. Wa nyumbani huingia.

Mjomba Mohamedi aliacha kazi akamfuata Athumani hadi mtoni. Aliambiwa kijana asiye na vidole amekwisha vuka. Vita vilipomalizika, waliovuka walirudi mmoja mmoja, wengine kwa magongo, na kila aliyerudi tulimuuliza. Kila mmoja alitikisa kichwa.

Tabibu Erasto alikuja kumpa pole. Nusura nimfukuze, ila mama mdogo akampa kigoda. Akamwambia, "Mwanangu, ulisema kilicho kweli ni kile tunachokiona wote. Athumani nilimwona peke yangu, na alikuwa kweli." Kijana wa watu aliinama akalia, soksi zake zimejaa vumbi.

Toka hapo hodi ikawa mwiko nyumbani kwake. Wale wa mitungi walirudi, na watoto wa kofia nyekundu, naye akawa anawakaribisha wote, anawatengea ugali, anawauliza wametokea wapi. Tulipohamishiwa kijiji kipya aliacha mlango wa nyumba mpya bila komeo. Mjomba hakusema tena habari za Magomeni.

Mwaka sabini na tano, alipokuwa hawezi kuinuka kitandani, niliingia na uji, nikaita hodi kwa kujisahau. Akageuza uso ukutani.

"Usipige hodi, Salma. Wanaopiga hodi ni wageni."

Nikamwomba radhi, nikakaa karibu na mlango nikiupoza uji. Baadaye kidogo akageuka, akatazama juu ya kichwa changu, na uso wake ukanyooka wote.

"Karibu, mwanangu," akasema. "Salma, mpishe ndugu yako."

Nilitazama mlangoni. Hapakuwa na mtu. Nikasogeza kigoda changu, nikampisha.