Vidonge Nilivyomnyima Mama Mkwe

Nasema mapema: kosa la kwanza lilikuwa langu. Daktari aliniandikia vidonge vya wiki mbili kwa ajili ya wadudu wa tumbo. Siku ya saba, moto uliokuwa ukiniwaka kwenye chembe ya moyo ukazimika, nikaacha kumeza. Siku hiyohiyo mama mkwe akapiga simu kutoka Songo Songo, analalamika kiungulia. Kwetu dawa iliyomfaa mmoja huzungushwa kama chumvi. Nikavifunga vilivyobaki kwenye karatasi, nikampa abiria wa boti ampelekee. Ukoo mzima ukanisifu: mkamwana wetu ana roho nzuri!

Haukupita muda, moto ukarudi, safari hii mkali zaidi. Nilikuwa nikishona huku nimejikunja juu ya cherehani, wateja wakidhani natafuta sindano iliyoanguka. Nikarudi hospitali. Daktari, binti mdogo kwangu kwa umri lakini mkali, akasoma majibu ya kipimo cha choo, akanikazia macho.

"Dada, vile vidonge mlikula watu wangapi?"

Nikaanza kujifunga upya khanga.

"Dawa siyo ubwabwa, kila anayepita apakuliwe. Ulivyokatisha, wadudu hawakufa. Wameshaizoea. Ile ya mwanzo haitawafanya kitu tena."

Akaniandikia nyingine: aina nne, mara nne kwa siku, siku kumi na nne bila kuruka. Akasema hizi nazo zikishindwa, hapa Kilwa hana kingine cha kunipa. Itabidi nisafiri mpaka hospitali kubwa nikamezeshwe mpira wenye kamera. Nilitoka pale nimeubana mfuko wa dawa kwapani.

Dawa zile, Mungu anisamehe, zilinitesa kuliko ugonjwa. Ulimi ukawa mweusi, choo kikawa cheusi, hata samaki wa nazi nikawa namsikia kama nalamba msumari. Siku ya nne mama mkwe akatokea mlangoni na begi lake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Vile vidonge vyako vilinifaa, ila kiungulia kimerudi. Nimesikia umepata vingine."

Nilimjua aliyemwambia. Mume wangu akajifanya anatafuta chaja ya simu.

Nikamweleza mama yote aliyosema daktari. Nikamwambia kesho tutapanda bajaji, nitampeleka apimwe, apewe za kwake. Akasema hajafikia kumpelekea mtoto wa watu kinyesi chake akichungulie. Yeye anataka kimoja tu.

"Sitoi, mama."

Neno hilo halikuwahi kusikika nyumbani kwetu. Mawifi walipiga simu mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na tusi lake. Mume wangu akaninong'oneza, "Mpe kimoja tu, yaishe." Nikamwambia yeye ndiye mwanawe, ampe figo. Tangu hapo nilitembea na vidonge nimevifunga kwenye pindo la khanga, hata nikienda kuoga.

Mama mkwe akagoma kula chakula changu. Akawa anapika chake uani kwenye jiko la mkaa, mahali ambapo majirani wote watamwona. Nilimchukia. Nasema bila aibu: nilimwamkia kila asubuhi kwa adabu zote, na nilimchukia. Nilimwona akijishika tumbo, nikamwambia bajaji ipo, twende. Akajibu, "Kimoja tu." Nikageuza uso, nikameza changu.

Siku ya kumi na nne nikamaliza cha mwisho. Nikasubiri mwezi mzima kama nilivyoagizwa, ndipo nikapeleka kipimo. Mama mkwe bado alikuwa kwetu. Sijui alikuwa anangoja dawa au anangoja nife.

Wadudu hawakuonekana. Nilimfanya daktari yule mkali asome majibu mara mbili, nikarudi nyumbani nusura nipige vigelegele njiani. Nikamkuta uani anachambua mchele.

"Mama, nimepona. Wamekwisha wote."

Nilitegemea walau alhamdulillah, hata ya kinafiki. Akauweka ungo chini, akanitazama, mkono ukiwa tumboni.

"Kumbe zilikuwa dawa kweli," akasema. "Na ukaninyima."