Maongezi ya Kesho

Nitaanza kwa kugawa. Upande mmoja naweka niliyoyaona kwa macho yangu, na maneno niliyoyasikia kutoka kinywa cha aliyeyasema, nami nikiwa mbele yake. Upande wa pili naweka yote yaliyonifikia kwa njia ya redio, ya soko, ya foleni ya maji na ya ndugu wa rafiki wa fulani. Upande wa pili ni mkubwa kuliko wa kwanza. Hiyo ndiyo sababu siutumii kama ushahidi.

Niliyoyasikia tu ni haya: kwamba magharibi ya jimbo letu, ambalo siku hizo liliitwa Shaba, watu wenye silaha walikuwa wamevuka mpaka kutoka Angola, kwamba wengi wao walikuwa watoto wa ardhi hii hii, waliokimbia baada ya vita vya jimbo letu kujitenga, kwamba ndege za mataifa rafiki zilikuwa zikishusha askari wa kuisaidia serikali, na kwamba katika miji mikuu ya dunia wakubwa walikuwa wakibishana kama mgogoro ule umalizwe mezani au kwa bunduki. Sikuona ndege hata moja. Nilichokiona ni vizuizi. Palikuwa na kimoja kwenye barabara ya Kakontwe na kingine kwenye njia ya Lubumbashi, vya mapipa na magogo, vikilindwa na askari waliotoka mbali na waliosema Kilingala. Bila karatasi ya ruhusa hukutoka Likasi, na karatasi ya ruhusa haikutolewa. Tulikwenda kazini, tukarudi, tukafunga milango kabla ya giza.

Mimi nilikuwa mwalimu wa historia. Dada yangu aliolewa na fundi wa kukereza vyuma katika karakana ya kampuni ya dola, nao waliishi kambi ya wafanyakazi huko Panda. Ni huyo shemeji yangu ninayemwandikia kurasa hizi.

Karakana ilikuwa na klabu yake, tuliyoiita serkle, na Jumamosi alasiri baada ya zamu watu walikutana humo kubishana juu ya mada iliyochaguliwa na mwenyekiti wa seli ya chama. Mwaka ule wa vita mada ilikuwa: je, taifa hulindwa kwa maneno au kwa silaha? Kila mtu alijua jibu lililotakiwa. Mimi niliombwa kuongoza mabishano kwa sababu ya elimu yangu. Upande wa silaha ulijaa upesi. Upande wa maneno hakusimama mtu, mpaka mwenyekiti alipoanza kukunja uso, maana bila wapinzani hapakuwa na wa kushindwa.

Ndipo shemeji yangu aliposimama, akajifunga vizuri kifungo cha juu cha koti lake lisilo na kola.

"Bila mupinzani, hii haina mabishano, sitwayeni mwenyekiti," akasema, kwa lile neno la Kifaransa la raia ambalo chama kilitutaka tuitane. "Hii ni misa. Na padri haiko."

Watu walicheka, hata mwenyekiti.

Aliyempinga alikuwa rafiki yake mkubwa, mfua vyuma mwenye mabega mapana, aliyekaa nyumba ya pili kutoka kwao. Huyo hakuhitaji kutafuta mfano mbali. Alitukumbusha jinsi, miaka ya kujitenga, askari wa mataifa wenye kofia za buluu walivyokuja katika mji wetu huu wakisema wanaleta amani. "Balikuya na maneno mingi," akasema. "Habakukuya kupigana, beye benyewe balisema. Maji ilibaishia, bakanyanyua mikono. Njo maneno ile."

Walipiga makofi. Shemeji alingoja yaishe.

"Sawa. Na ile siku balinyanyua mikono, nani alimaliza mambo? Bunduki? Hapana. Wakubwa ya huku na wakubwa ya kule baliikala, bakaongea. Minye nauliza paka kimoja tu: juu ya nini bantu bakufe kwanza, njo wakubwa baikale?" Kisha akasema sentensi ambayo naiandika kama ilivyotoka kinywani mwake, kwa kuwa nilikuwa nimeketi karibu naye: "Maongezi yetu ya kesho na bale bantu ya ng'ambo, bunduki ya leo isiyauwe."

Rafiki yake alimrushia kofia. "Weye, kama muntu anakuvunjia nyumba, utamupatia kiti?"

"Kama ni mutoto wa baba yangu mudogo, nitamupatia. Halafu nitamuuliza nani alimufukuza."

Hapo kicheko kilikuwa kidogo zaidi. Mwenyekiti alitangaza kwamba silaha zimeshinda, tukaimba wimbo wa chama, tukatoka. Nyuma kabisa, karibu na mlango, walikaa watu wawili nisiowajua. Niliwaona. Walikuwa nani, hilo ni la upande wa pili.

Alikamatwa siku chache baadaye, kwenye mashine yake. Mimi sikuwepo, dada yangu pia hakuwepo. Aliyekuwepo ni rafiki yake mfua vyuma, naye alinieleza akiwa bado na masizi usoni: askari wanne, hakuna kupigwa, hakuna kelele, shemeji alizima mashine mwenyewe na kufuta mikono. Alishtakiwa kuongea na adui. Namwamini huyo shahidi, kwa sababu alieleza hata mambo yasiyomsaidia kitu.

Jioni ile tuliketi sebuleni kwa dada yangu, mimi na mfua vyuma na wanaume wengine wawili wa karakana, mapazia yakiwa yamefungwa. Dada yangu aliketi kwenye kigoda karibu na mlango wa jikoni, mikono magotini. Alichotaka kilikuwa kimoja, naye alikisema mara moja tu: mume wake arudi kabla hajapelekwa mji mwingine, kwa kuwa waliopelekwa mji mwingine hawakurudi.

Mfua vyuma alitaka karakana isimame. Kesho asubuhi, kila mtu azime mashine yake mpaka shemeji aachiliwe. Kampuni inalisha dola, alisema. Kampuni ikikohoa, wakubwa hawalali. Nilimwambia kwamba katika siku za vita mashine iliyozimwa huitwa hujuma, na kwamba badala ya mtu mmoja wangechukua ishirini. Nilisema niachiwe nafasi niende nikaongee na kapteni wa askari waliomchukua.

Akanigeukia. "Mwalimu, juzi tulibishana, minye nilishinda. Leo weye unafwata ule mwenye kushindwa?"

"Yule aliyeshindwa ndiye tunayetaka kumtoa," nilimjibu.

"Kapteni iko na bunduki. Weye uko na nini?"

Tulikubaliana kwamba mimi nitatangulia, na kama nitarudi mikono mitupu, yeye atafanya lake. Tulitoka mmoja mmoja.

Kapteni alinipokea vizuri, nami naliandika hilo kwa kuwa ni kweli. Alikuwa kijana wa mtoni, kule kaskazini wanakosema Kilingala, msomi, mwenye Kifaransa safi kuliko changu. Alinipa kiti. Alisema ameniita mwalimu katika fikira zake hata kabla hajaniona, kwa kuwa jina la mwongoza mabishano lilikuwa limeandikwa kwenye taarifa. Nilielewa maana yake: hata mimi nilikuwa ndani ya taarifa ile. Kisha akanisomea mstari ambao mtoa habari wake aliuleta kwa Kilingala. Mshtakiwa, mbele ya watu, alitetea *masolo ya lobi na bato ya ngambo*. Maongezi ya lobi na watu wa ng'ambo.

"Tulitaka kujua tu," akasema, "jana hiyo aliongea nao wapi."

Hapo niliona mlango. Kwa Kiswahili chetu jana ni jana na kesho ni kesho. Mtu hawezi kuzichanganya hata akiwa amelewa. Lakini Kilingala kina neno moja, *lobi*, na neno hilo hubeba siku zote mbili, iliyopita na ijayo. Kitenzi ndicho kinachozitenganisha. Katika mstari ule hapakuwa na kitenzi. Shemeji alisema maongezi ya kesho. Mfasiri akaweka *lobi*. Msomaji akachagua jana. Mtu alikuwa amefungwa kwa jambo ambalo hakulitenda wala hakusema amelitenda.

Nililieleza hilo kwa utaratibu, kama ningelieleza darasani, huku nikirudia sentensi ya Kiswahili neno kwa neno. Kapteni alisikiliza akiwa ameegemeza kidevu. Nilipomaliza alicheka, na kicheko chake hakikuwa kibaya. Alichukua kalamu, akafuta neno *hier*, jana, kwenye taarifa yake ya Kifaransa, akaandika lingine juu yake kwa mkono wake. Nililisoma likiwa kichwa chini upande wangu: *demain*. Kesho.

"Uko sahihi, sitwayeni mwalimu. Umetusaidia kuwa wakweli."

Nilimshukuru. Niliuliza kama basi ninaweza kurudi naye nyumbani.

Alionekana kushangaa. "Kwa nini? Ulipoingia, nilikuwa na mtu aliyeongea na adui jana. Hilo limekwisha tendeka, halina haraka tena. Sasa umenithibitishia kwamba nina mtu anayetaka kuongea nao kesho. Huyo, mwalimu, nikimwachia leo, mimi ni askari gani?"

Niliyatafuta maneno. Nimefundisha mikataba, makongamano, mabalozi waliozuia vita kwa kuchagua kiunganishi kimoja badala ya kingine, na yote hayo ni kweli. Lakini katika kila mkataba niliofundisha, kila upande ulikuwa na kitu ambacho mwenzake alikitaka au alikiogopa. Mimi nilikuwa na sarufi. Nilimwambia kapteni kwamba serikali yenyewe itaongea na watu wale siku moja, kwa kuwa hakuna vita visivyoishia mezani.

"Bila shaka," akasema kwa upole. "Serikali."

Aliniruhusu kumwona shemeji uani, dakika chache, askari akiwa katikati. Alikuwa amesimama juani bila viatu. Uso wake haukuwa na jeraha, nilimkagua makusudi. Aliniuliza kama walielewa maneno yake. Nilimwambia walielewa, na kwamba kuelewa hakukutosha. Alitikisa kichwa taratibu.

"Ule mukubwa ya nyundo," akasema, akimaanisha rafiki yake, "mwambie asisimamishe mashini. Bataua bantu juu yangu."

"Hatanisikiliza mimi."

"Basi mwambie minye nilikubali: yeye njo alishinda mabishano. Atafurahi, atatulia."

Niliufikisha ujumbe huo kama ulivyo. Mfua vyuma hakufurahi. Aliketi kwenye ngazi ya nyumba ya dada yangu, akafunika uso kwa viganja vile vikubwa, na asubuhi iliyofuata nilisikia king'ora cha zamu, kisha ngurumo ya karakana kama siku zote. Mashine hazikuzimwa. Yeye alikuwa tayari kuonja nguvu, mimi nilikwisha kuonja maneno, na wote wawili tulibaki ndani ya mapipa na magogo yale yale.

Tangu hapo dada yangu alipika kila siku bukari, ugali wetu wa huku, na ndakala, vile vidagaa vikavu, akafunga sahani kwa kitambaa, nami nikaipeleka langoni mwa kambi ya askari wakati wa mapumziko ya shule. Mlinzi aliipokea. Baadaye aliirudisha tupu. Dada yangu aliitazama sahani hiyo tupu na kusema mume wake anakula vizuri. Mimi sikumpinga, lakini hapa lazima niandike: sikuona aliyekula.

Yamesemwa mengi tangu wakati huo. Wengine wanasema lori lenye wafungwa lilipita kitongoji cha Kamatanda kabla ya mapambazuko. Wengine wanasema alipelekwa Lubumbashi, wengine huko mtoni kwao kapteni, na mmoja aliniapia kwamba alimwona ng'ambo ya mpaka, amenenepa, akiwa na duka. Nimewauliza wote swali moja, kama waliona au waliambiwa, na wote waliambiwa.

Ninachoweza kukishuhudia ni hiki. Siku moja, saa ile ile, nilifika langoni na sahani. Mlinzi alikuwa yule yule. Hakunyoosha mkono. Nilisogea karibu zaidi, nikadhani hakuniona, nikataja jina la shemeji yangu. Aliangalia barabara nyuma yangu na kusema niirudishe. Niliuliza kama kesho niilete. Alirudi kwenye kivuli cha lango. Niliibeba mpaka Panda, nikamkabidhi dada yangu ikiwa bado ya moto.